Sanduku la Makufuli Matatu

Maziwa ya Alhamisi hayasubiri mtu. Nanyori alikuwa ameshayachuja, ameyamimina kwenye galoni la njano na kuziba mdomo wake kwa nailoni, na sasa alikuwa anatafuta ngata ya kujitwikia. Siku ya gulio la Ngaramtoni wachuuzi wa mjini hufika mapema. Ukichelewa unarudi na maziwa yako nyumbani, au unayauza kwa bei ya kutupa. Na wiki ile hakuwa na uwezo wa kutupa kitu. Sukari ilikuwa imepanda, mafuta ya taa yamepanda, hata mwenye mashine ya kusaga alikuwa ameongeza bei, akasingizia dizeli. Kila kitu kilipanda isipokuwa maziwa.

"Resiato! Ngata yangu umeiweka wapi?"

Alizunguka nyuma ya zizi la ndama, akamkuta mkamwana wake ameshika nguzo kwa mikono miwili, paji la uso ameliegemeza juu yake kama mtu anayesikiliza kitu kilicho ndani ya mti. Shuka lake lilikuwa limelowa kuanzia kiunoni, na mvua ya siku ile ilikuwa haijaanza kunyesha.

"Tangu lini?" Nanyori aliuliza.

"Tangu jana jioni, Yeyo," alijibu, akimwita mama kwa Kiarusha.

"Na ukanyamaza?"

"Nilitaka uende gulioni kwanza."

Nanyori hakumgombeza. Yeye mwenyewe alipomzaa Lesian alinyamaza hivyo hivyo. Mwanamke wa Kiarusha akipiga kelele kwa uchungu, kelele zake husimuliwa mpaka wajukuu wazikute. Alimshika kwapani, akamwingiza ndani, akatuma mtu kwa Koko Namelok, bibi mkunga.

Koko Namelok alikuwa amezalisha nusu ya kijiji, Lesian akiwemo. Lakini serikali ya kijiji ilikuwa imepiga marufuku kuzalia nyumbani. Mkunga atalipa faini na mzazi atalipa faini, na mtendaji alikuwa ameshawahi kuondoka na mbuzi wa watu. Hata hivyo bibi alikuja, fimbo mkononi. Alinawa, akapiga magoti, akapapasa tumbo la Resiato kwa muda mrefu. Kisha akajifuta mikono kabla hata hajaichafua.

"Mtoto amelala kama kizingiti cha mlango," alisema. "Huyu si wangu. Huyu ni wa kisu. Pigeni hiyo simu yenu."

Simu yenu. Ilikuwa pale pale chumbani, chini ya kitanda cha Nanyori, ndani ya sanduku la bati la kikoba, kikundi cha wanawake cha kuweka akiba, nyuma ya makufuli matatu.

Asiwepo wa kuwacheka. Ule haukuwa ujinga.

Mradi wa afya ya wajawazito ulikuja mwaka uliotangulia kutoka Njiro, kwa gari jeupe. Msemaji wake alikuwa Reginald, kijana wa Kichaga mwenye sauti nzuri kama ya mwimbaji wa kwaya. Aliwakusanya wanawake kanisani, akainua simu juu wote waione. Mama mjamzito akipata shida, alisema, bonyezeni namba moja, gari la wagonjwa linakuja. Kupiga ni bure. Dereva ameagizwa apokee namba za vikundi vya mradi tu, maana zamani kila mtu alikuwa anapiga, mpaka wenye mafua. "Umbali umekufa, akina mama," alisema. "Simu imeuua." Wakampigia vigelegele.

Halafu akasoma masharti. Simu ikipotea au ikiharibika, kikundi kitailipa. Na kikundi kitakachoshindwa kuilipa hakitaingia awamu ya pili. Awamu ya pili ilikuwa tanki la maji, na hapakuwa na mwanamke kanisani mle ambaye hakuwa ameamka alfajiri kufuata maji korongoni.

Mwanzoni simu ilikaa kwa Hanna, mke wa mwinjilisti. Kabla ya mwezi kwisha mwinjilisti alikuwa ameshaongea na ndugu zake wote wa Babati. Ikahamia nyumba nyingine, mume wa huko akataka kuiazima aende nayo Namanga kwenye biashara ya ng'ombe. Mwanamke hawezi kumkatalia mume wake simu iliyo mezani. Anachoweza kusema ni kwamba iko sandukuni. Sanduku la kikoba hakuna mume aliyethubutu kuligusa. Lilikuwa na makufuli matatu, funguo tatu, kwa wanawake watatu wa nyumba tatu, na ilikuwa mwiko mtu mmoja kushika funguo mbili. Hivyo ndivyo walivyokuwa wanatunza senti zao dhidi ya wezi, dhidi ya waume, na dhidi ya tamaa zao wenyewe. Kitu cha thamani hawakujua kukiheshimu kwa njia nyingine. Kikao kikapitisha kwa mikono yote: simu ikae na hela.

Kila Ijumaa sanduku lilifunguliwa. Simu ilichajiwa, Lesian alipiga kutoka Mererani kwenye machimbo akaongea na mama yake na mke wake, kisha ikarudi ndani. Reginald alipokuja kukagua na kuliona sanduku, alifurahi karibu kuruka. "Huu ndio umiliki wa jamii!" alisema, akaipiga picha simu ikiwa juu ya sanduku, na makufuli yote matatu yakionekana. Hakuuliza itakuwaje mtoto akija siku isiyo Ijumaa. Na wao, kwa kuwa mwenye gari jeupe alikuwa amesifu, hawakujiuliza.

Ufunguo wa kwanza ulikuwa shingoni mwa Nanyori, katikati ya shanga. Wa pili ulikuwa kwa Kandida, mweka hazina, mwenye duka Ngaramtoni. Wa tatu ulikuwa kwa Hanna, umefungwa kwenye pindo la kanga yake, na Hanna asubuhi ile alikuwa amepitiwa na gari la mradi kwenda Njiro kwenye semina. Semina yenyewe ilihusu simu na maendeleo ya wanawake. Hanna alikuwa amechaguliwa kutoa ushuhuda.

"Nenda kwa huyo wa Ngaramtoni," alisema Koko Namelok. "Kufuli moja mtalivunja. Afadhali moja kuliko mawili. Mimi namshika."

Nanyori alipofika mlangoni, Resiato alifumbua macho. "Yeyo, beba na maziwa. Si unapita huko huko?"

Hakubeba maziwa.

Njia ilikuwa tope jeusi linalovua viatu. Nanyori alivivua mwenyewe, akavishika mkononi, akateremka akikimbia na kutembea, akikimbia na kutembea. Alipofika Ngaramtoni gulio lilikuwa limechanganya: mbuzi, maharage, mitumba, redio za wauza kaseti zikishindana. Alimkuta Kandida ameketi nje ya duka lake mwenyewe juu ya kreti la soda, mikono ameikunja kifuani. Mlangoni palikuwa na kufuli kubwa jipya ambalo halikuwa lake.

"Karibu msibani, Mama Lesian," alisema Kandida. "Bwana ushuru amenifungia. Leseni ya zamani haifai, mpya haijatoka, na kuuza bila leseni ni kosa. Sasa niuze nini, mate?"

"Mama Princess, ufunguo wa sanduku uko wapi?"

Kandida alionyesha mlango kwa midomo. "Ndani. Kwenye droo. Kuna nini?"

"Resiato. Mtoto amekingama."

Kandida alisimama, kreti likapinduka. Hakusema pole. Alimshika Nanyori mkono wakaenda mpaka kwa mama lishe, ambako bwana ushuru alikuwa anakunywa supu, kofia yake ameiweka juu ya meza kama mgeni wa pili.

"Baba, nifungulie dakika moja. Nachukua ufunguo mdogo tu, unafunga tena."

"Lile kufuli sifungui mimi, mama. Anafungua aliyesaini."

"Aliyesaini yuko wapi?"

"Mjini. Kikaoni."

"Kuna mtu anakufa huko juu," Nanyori alisema.

Bwana ushuru alimtazama miguu yenye tope, kisha akarudi kwenye bakuli lake. Hakuwa mtu mbaya wa sura. Alionekana amechoka. "Kila siku kuna mtu anakufa, mama yangu. Mimi nimetumwa. Nikifungua bila karatasi, kesho ninayefungiwa ni mimi."

"Supu ikukwame," alisema Kandida, wakatoka.

Kandida alikuwa na simu yake mwenyewe. Namba ya gari la wagonjwa kila mtu aliijua, ilikuwa imechorwa ubavuni mwa gari lenyewe kwa herufi nyekundu. Alipiga. Aliyepokea alikuwa Sumari, dereva, Mmeru wa Poli ambaye wanawake walimjua kwa ucheshi wake.

"Halo, nani mwenzangu?"

"Kandida, wa kikoba. Njoo haraka, tuna mzazi."

"Dada, hii namba siioni kwenye orodha."

"Ni yangu. Ya mradi imefungiwa."

"Imefungiwaje tena? Dada yangu, mimi nikitoka kwa namba isiyo ya mradi, mafuta wananikata mimi kwenye mshahara. Wameshanikata mara mbili. Nipigie na ile simu mliyopewa, fasta, mimi hao nakuja." Akakata, si kwa hasira, kama mtu anayewahi jambo.

Walijaribu teksi. Kijana wa teksi alichungulia mlima uliofunikwa na wingu, akamtazama Nanyori mpaka magotini. "Njia ya kwenu, mama? Na mvua hizi? Hii ni Corolla, si trekta."

Walisimama katikati ya gulio, watu wakiwapita na makarai vichwani. Kandida alisema, "Vunja."

"Sanduku la watu, Mama Princess? Hela ya wanawake wote imo mle. Liko chini ya kitanda changu. Nikilivunja mimi, mwizi ni mimi, na watoto wangu ni watoto wa mwizi."

"Ndiyo maana nakuja na wewe. Langu nitalivunja mwenyewe." Akaenda kwa fundi baiskeli jirani yake, akaazima tindo na nyundo, akazifunga kwenye kanga.

Kandida alikuwa mnene na hajazoea mlima. Walikuwa nusu ya njia, mvua imeanza, walipolisikia gari nyuma yao. Lilikuwa pikapu ya kampuni ya simu, ile inayopanda kila wiki kupeleka dizeli kwenye mnara. Magurudumu yalikuwa na minyororo. Nanyori alisimama katikati ya njia, akanyoosha mikono yote miwili, pikapu ikasimama karibu kumgusa.

Dereva alishusha kioo. Alikuwa anaitwa Ludovick. Kandida alimjua, alikuwa mtu wa Rombo kama yeye, na akaanza kumsemesha kwa Kichaga. Ludovick alimjibu kwa Kiswahili, ili wote wawili wasikie.

"Dada, hili gari bima yake haina abiria. Nikikutwa na mtu humu nimefukuzwa kazi."

"Basi ukishashusha mafuta," alisema Nanyori, "ukirudi, pita kwangu. Umteremshe mgonjwa mpaka lami tu. Mpaka lami."

"Nikishusha hapa kuna mnara mwingine unanisubiri, na jenereta lake liko kwenye tone la mwisho. Mnara hauzimiki, mama. Ukizimika sasa hivi, Dar wanaona kwenye kompyuta, wananipigia kabla sijafunga mlango wa gari."

"Na mtu akizimika," Kandida alisema, "anayeona ni nani?"

Ludovick alikaa kidogo mikono ikiwa kwenye usukani, wipa zikienda na kurudi. Kisha akawaambia wasogee, kwa adabu, na pikapu ikapanda tope lile kama inapanda ngazi, mapipa ya dizeli yakigongana nyuma.

Nyumbani palikuwa pamejaa wanawake. Resiato alikuwa amelala ubavu. Midomo yake ilikuwa imepauka. Koko Namelok aliinua macho, akatikisa kichwa kidogo tu, kisha akaendelea kumsugua miguu.

Sanduku lilivutwa. Nanyori aliutoa ufunguo shingoni, akafungua kufuli lake kama anavyolifungua kila Ijumaa, taratibu, na kuliweka kando. Kandida alipiga magoti. "Hili ni langu, mnaona? Navunja langu," alisema kwa sauti, mashahidi wasikie, akaligonga mpaka likaachia. Likabaki la Hanna. Kandida alimpa Nanyori nyundo. Nanyori alipiga mara ya kwanza akakosa, akajiponda kidole. Akapiga tena. Sanduku la bati lilipiga mlio ambao ulisikika nje mpaka kwenye zizi.

Simu ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa cha kitenge, na ndani ya kitambaa mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko bado ilikuwa na ile karatasi laini ya kiwandani juu ya kioo, hakuna aliyethubutu kuibandua. Nanyori aliiwasha. Iliwaka, ikaimba wimbo wake mdogo. Chaji ilikuwepo. Mtandao ulikuwa umejaa mpaka juu. Mnara ulikuwa umeshakula dizeli yake.

Alibonyeza namba moja. Iliita mara moja tu.

"Eheee!" ilikuwa sauti ya Sumari. "Sasa hii ndiyo namba. Sema, mama."

"Mkamwana wangu. Mtoto amekingama. Njoo sasa hivi."

Nyuma ya sauti ya Sumari palikuwa na mngurumo mkubwa, kama wa ndege. "Mama, niko Kisongo, uwanja wa ndege. Tumekuja kupokea wageni wa mradi. Walisema gari lenyewe liletwe, waje nalo. Ngoja. Ngoja nikupe bosi."

"Sumari, usinipe mtu. Washa gari."

Lakini simu ilikuwa imeshahama mkono.

"Mama Lesian! Shikamoo!" Alikuwa Reginald, na sauti yake ilikuwa ya furaha. "Ni dharura? Dharura kweli? Mama, hujui tu. Ninyi ndio wa kwanza kupiga kwa simu ya mradi ukanda mzima." Alisema kitu kwa Kiingereza kwa watu wa pembeni, akarudi. "Nimeweka spika. Wageni wanakusikia hapa. Hebu rudia, eleza pole pole, nitafsiri."

Nanyori alitazama wanawake waliomzunguka. Alimtazama Resiato. Alisogeza simu mdomoni kama inavyosogezwa kipaza sauti.

"Mkamwana wangu anakufa," alisema. "Leteni gari."

Alimsikia Reginald akitafsiri. Tafsiri ilikuwa ndefu kuliko maneno yake. Kisha kukaja mlio fulani, na kwanza alidhani ni mvua juu ya bati. Aliangalia juu. Mvua ilikuwa imekatika. Mlio ulikuwa unatoka kwenye simu. Walikuwa wanapiga makofi.

"Wamefurahi sana, mama," alisema Reginald. "Wanasema mfumo unafanya kazi."

"Gari?"

"Gari linakuja! Tunapita ofisini Njiro mara moja tu, tushushe mizigo yao, halafu tunakuja wote. Wanataka wakuone kwa macho yao."

Kutoka Kisongo kuja Ngaramtoni si mbali. Njiro iko upande wa pili wa mji. Nanyori alifungua mdomo kumwambia, na kijana yule alijua vilevile kama yeye, lakini simu ilikuwa imeshakatwa. Alibonyeza namba moja tena. Ilikuwa inatumika. Akabonyeza tena.

Kandida alitoka nje na simu yake, akampata dalali wa mawe ya thamani huko Mererani anayemfahamu Lesian. "Mwambie mkewe yuko kwenye uchungu mgumu," walimsikia akisema. "Akitoka shimoni apige kwenye namba ya kikoba. Sanduku liko wazi."

Kisha hapakuwa na jambo jingine la kufanya. Walijaribu kutengeneza machela kwa miti na shuka, lakini Resiato alipoinuliwa damu ilikuja nyingi, wakamlaza tena. Koko Namelok aliingiza mkono, yeye aliyesema huyu si wake, akajaribu kumgeuza mtoto, faini au si faini. Hakugeuka. Mchana ulikwenda. Mara moja Resiato alimtafuta mama mkwe wake kwa macho.

"Yeyo. Maziwa uliuza?"

"Niliuza."

"Yote?"

"Yote, mwanangu. Na bei ilikuwa nzuri."

Resiato alionekana ameridhika. Baada ya hapo hakuongea, na ng'ombe walipoanza kurudi kutoka malishoni alikuwa amekwisha kufa, na mtoto yumo ndani yake.

Magari mawili yalifika baada ya ng'ombe. La mbele lilikuwa la wagonjwa, jeupe, limeoshwa, tope limefika madirishani. Sumari alishuka, akaona wanawake walivyokaa, akavua kofia.

"Niliwaambia tupite huku kwanza," alimwambia Nanyori kwa sauti ya chini. "Haki ya Mungu, mama, niliwaambia."

"Na wewe ndiye uliyekuwa umeshika usukani," alisema Nanyori.

Sumari akarudi kusimama karibu na gari lake, na hapo akabaki. Kutoka gari la nyuma walishuka wageni watatu, viatu vyao vipya vikizama. Hanna alishuka nao, ushuhuda wake ameshautoa, na aliposikia alijifunika uso kwa kanga ile ile yenye ufunguo pindoni. Reginald alikuja mbele. Rangi ilikuwa imemtoka, na kwa dakika ile alionekana kijana tu, mtoto wa mtu. Alisema pole zote zinazosemwa. Kisha mmoja wa wageni akamnong'oneza, naye akatoa kalamu.

"Mama, marehemu alikuwa anaitwa nani? Kwa ajili ya taarifa."

Kwa Waarusha jina la aliyetoka kufa halitamkwi. Linawekwa chini pamoja naye, na hata mwenye jina kama hilo hutafutiwa jingine. Wanawake walitazama chini. Kandida, ambaye kwao si mwiko, alilijua jina, na alibana midomo yake kama wengine. Reginald alisubiri, akarudisha kalamu mfukoni.

Mgeni mwanamke, mwenye nywele nyeupe zilizolowa, alikuwa analia. Alimshika Nanyori mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno mengi, na mwisho akauliza kitu.

"Anasema anasikitika sana," Reginald alitafsiri. "Anauliza... anauliza kama simu yenyewe haikusumbua. Kama ilifanya kazi."

"Mwambie ilifanya kazi," Nanyori alisema. "Haina kosa. Nilisikia kila kitu. Nilisikia hata makofi."

Reginald alimgeukia mgeni. Maneno aliyosema yalikuwa machache mno. Mgeni aliitikia kwa kichwa, akafuta macho, akamwachia Nanyori mkono.

Kabla ya kuondoka Reginald aliona makufuli mawili yaliyovunjika sakafuni. Aliyatazama kwa muda, kisha akasema kwa upole, bila kumtazama mtu, kwamba ingekuwa vizuri aondoke na simu, iwe salama ofisini mpaka suala la sanduku lizungumzwe, maana awamu ya pili nayo ina taratibu zake.

Nanyori aliifunga simu kwenye plastiki yake, na plastiki kwenye kitenge. Aliiweka sandukuni juu ya hela za watu, akashusha kifuniko, akapachika kufuli moja lililobaki zima na kulibana. Ufunguo akaurudisha shingoni.

"Simu hutoka kikao kikikaa," alisema. "Wewe mwenyewe ulisifu."

Magari yalizunguka uani kwa shida na kuteremka, la wagonjwa likiwa mbele, tupu. Sumari alikuwa ameomba ampeleke marehemu mjini, akaambiwa gari la mradi halibebi maiti.

Wanawake walibaki. Mtu alichemsha maji. Mtu mwingine alikumbuka galoni la njano, akalifungua, maziwa yalikuwa yameganda. Kandida alikaa juu ya sanduku kwa kuwa hapakuwa na kiti, na giza lilikuwa linaanza kuingia aliposhtuka na kusimama.

Lilikuwa linalia chini yake. Ule wimbo mdogo, umezibwa na bati na kitenge.

Wote walimtazama Nanyori. Mkono wake ulikuwa umeshafika shingoni, umeshika ufunguo. Alijua ni nani. Lesian alikuwa ametoka shimoni, pengine hajanawa hata vumbi, amesimama mahali huko Mererani na simu ya kuazima sikioni. Neno lake la kwanza lingekuwa lile jina. Angeuliza, yuko wapi fulani, na mama yake asingeweza hata kulitamka baada yake.

"Fungua, Mama Lesian," alisema Kandida taratibu.

Nanyori hakufungua. Kufuli likiwa limefungwa, huko Mererani mwanawe alikuwa bado ana mke. Simu iliita mpaka ikachoka, ikanyamaza, ikaanza tena. Huko juu, mvua ilipokuwa imeisha, jenereta la mnara lilisikika vizuri, linanguruma sawasawa, limeshiba.